Clara Schumann: Mpiga Piano, Mwalimu, Mama wa Watoto Wanane



Kamati ya jubilii ilipogawa kurasa za kijitabu hiki, ofisi ya katibu ilipewa kazi ya kuandika maisha ya mwanamuziki mmoja wa zamani. Mapendekezo yalikuwa mengi. Sauti ya kwanza walimtaka Handel, kwa sababu ya ile Haleluya tunayoiimba kila Pasaka mpaka mishipa ya shingo inatoka. Besi walisimama na Bach. Mwishowe tulimchagua mtu ambaye jina lake halimo katika kitabu chetu cha nyimbo, mwanamke aliyetumia maisha yake akiwa ameketi kwenye piano. Sababu mtaiona tukifika mji wa Düsseldorf. Huko kulikuwa na kwaya, na tuliposoma yaliyotokea katika kwaya ile, jioni moja baada ya mazoezi, tulitazamana na hakuna aliyesema neno kwa muda.

Clara Wieck alizaliwa tarehe 13 Septemba 1819 mjini Leipzig, Ujerumani. Leipzig ndio mji ambao Johann Sebastian Bach aliongoza muziki wa kanisa la Mtakatifu Thomas miaka mia moja kabla yake, na ndio mji ambao baadaye chama chake cha misheni kilituma wamisionari wa Kilutheri hadi Ukambani na Kilimanjaro. Baba yake, Friedrich Wieck, alikuwa mwalimu wa piano na pia mfanyabiashara wa piano. Mama yake, Marianne, alikuwa mwimbaji na mpiga piano aliyesimama mbele ya watu wa mji huo huo. Ndoa yao ilivunjika. Sheria ya Saxony ilimpa baba haki ya watoto, kwa hiyo Clara alipotimiza miaka mitano alitolewa kwa mama na kupelekwa kwa baba. Mama akaolewa tena na kuhamia Berlin.

Mtoto huyu alichelewa sana kusema. Alipita miaka minne kabla ya kutamka maneno ya kueleweka, na watu wa nyumbani walidhani ni kiziwi. Yaya aliyemlea alikuwa mtu wa maneno machache, na wazazi walikuwa wakigombana, kwa hiyo huenda hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Alipowekwa mbele ya piano ilionekana wazi kwamba masikio yake hayakuwa na tatizo lolote.

Baba yake alimwanzisha kwa njia ambayo kwaya zetu zinaifahamu vizuri. Alimfundisha kwa kusikia. Kwa muda mrefu Clara alipiga vipande vidogo katika kii mbalimbali kabla ya kuonyeshwa karatasi ya nota. Wengi wetu tulijifunza sauti zetu kwa kumsikiliza mwalimu akiimba mstari mmoja mmoja, kisha solfa ikaandikwa ubaoni, na nota zenyewe wengine hatujazizoea mpaka leo. Kwa hiyo tusione aibu tukiambiwa ndivyo alivyoanza mmoja wa wapiga piano wakubwa wa karne ya 19. Mzee Wieck alitaka piano iimbe. Hakutaka mwanafunzi agonge vibonye, na alimpeleka mtoto kusikiliza waimbaji wazuri ili ajue sauti inavyobebwa. Pia alimtoa nje kutembea kila siku, maana aliamini kwamba mtoto anayefungiwa ndani na piano kutwa nzima haendi mbali. Kama walimu, hapo tunakubaliana naye.

Mahali pengine hatukubaliani naye. Clara alipokuwa na miaka saba, baba alimfungulia shajara, kisha akaiandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kana kwamba ni Clara anayesema. Safari, sifa, lawama na hesabu za fedha vyote viliandikwa kwa sauti ya mtoto, lakini mawazo yalikuwa ya baba. Hata mambo ya kumkaripia Clara yaliandikwa humo kana kwamba mtoto anajikaripia. Miaka mingi ilipita kabla msichana hajaachiwa kalamu.

Alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1828, akiwa na miaka tisa, katika ukumbi wa Gewandhaus hapo Leipzig, akipiga piano pamoja na msichana mwingine. Mwaka 1830 alifanya tamasha lake mwenyewe katika ukumbi huo huo. Baada ya hapo ikawa ni safari, miji ya Ujerumani, Paris, na tena Ujerumani. Akiwa na miaka 16 alipiga mbele ya watu utungo wake mwenyewe wa piano na okestra, Mendelssohn akiwa ndiye kiongozi wa okestra. Mwaka 1838, mjini Vienna, mfalme wa Austria alimpa cheo cha mpiga piano wa ikulu, heshima ambayo haikuzoeleka kupewa msichana wa miaka 18, tena mgeni na Mprotestanti katika nchi ya Wakatoliki. Pesa zote za matamasha zilishikwa na baba.

Katika nyumba ya Wieck alikuwa amefika mwanafunzi mmoja kijana, Robert Schumann, mkubwa kwa Clara kwa miaka tisa. Alikuja mwaka 1830 akitaka kuwa mpiga piano, lakini aliharibu mkono wake wa kulia na kugeukia utunzi wa muziki. Clara alikua akimwona kama kaka wa kumsimulia hadithi za kutisha jioni. Alipofikia umri wa kuolewa, walipendana. Mzee Wieck alikataa kata kata. Aliwakataza kuonana, akampeleka binti yake mbali kwa safari za muziki, na walipokwenda mahakamani mwaka 1839 kuomba ruhusa ya kuoana, alimsingizia Robert ulevi na mengine mengi. Si kwamba hofu yote ya mzee ilikuwa ya bure. Robert hakuwa na mapato ya uhakika, na ugonjwa wa huzuni ulikuwa umeshamgusa mara moja. Lakini binti alimfanyia baba kazi tangu utotoni, na siku alipotaka kuondoka, baba alizuia hata akiba aliyoichuma kwa vidole vyake mwenyewe.

Mahakama iliwapa ruhusa Agosti 1840. Walifunga ndoa tarehe 12 Septemba katika kanisa la kijiji cha Schönefeld, karibu na Leipzig, siku moja kabla Clara hajatimiza miaka 21. Wangesubiri siku moja tu, wasingehitaji ruhusa ya mtu. Miaka mitatu baadaye baba alipatana nao.

Nyumba yao ilikuwa na shida ambayo akina mama wa kwaya wataielewa mara moja. Kuta zilikuwa nyembamba. Robert alipotunga muziki alihitaji kimya, kwa hiyo Clara hakuweza kugusa piano. Aliweza kufanya mazoezi mume akiwa ametoka tu, na mume alipotoka watoto walikuwepo. Katika miaka 13 walizaliwa wanane: Marie, Elise, Julie, Emil, Ludwig, Ferdinand, Eugenie na Felix. Emil alikufa akiwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa. Hata hivyo Clara hakuacha kazi. Mwaka 1844 walisafiri Urusi katikati ya baridi kwa miezi kadhaa, akapiga piano hadi katika jumba la mfalme wa huko, na Robert akaumia moyoni kwa kujulikana tu kama mume wa Clara. Wote wawili walijua kwamba tamasha moja la mke lingeweza kuleta pesa ambazo nyimbo za mume hazikuleta kwa muda mrefu.

Mwishoni mwa 1844 walihamia Dresden, na huko, mwaka 1848, Robert alianzisha kwaya ya wanaume na wanawake. Clara ndiye aliyepiga piano katika mazoezi. Mwaka huo huo, kwa siku ya kuzaliwa ya mumewe, alimtungia nyimbo tatu za sauti nne, za kuimbwa bila ala. Hazikuchapishwa wakati wa uhai wake.

Mei 1849 mapinduzi yalilipuka Dresden. Vikundi vya ulinzi vilipita nyumba kwa nyumba vikiwachukua wanaume kwa nguvu ili wapigane. Clara na Robert walitoroka na binti yao mkubwa kwa mlango wa nyuma wa bustani, wakawaacha wadogo na mtumishi. Siku mbili baadaye, usiku wa manane, Clara alirudi mjini kwa miguu kupitia mashamba, akiwa na mimba ya miezi saba, bunduki zikisikika. Aliwakuta watoto wamelala, akawavalisha haraka, akatoka nao. Robert alibaki kule walikokimbilia. Hatumhukumu, maana yeye ndiye aliyekuwa akitafutwa. Lakini tuliposoma hapo, akina mama wa sauti ya pili walipiga makofi kana kwamba wanamwona akiingia mlangoni.

Sasa tumefika Düsseldorf.

Mwaka 1850 Robert aliajiriwa kuwa mkurugenzi wa muzika wa mji huo. Kazi ilikuwa kuongoza okestra na kwaya ya mji, pamoja na muziki wa ibada fulani makanisani. Familia ilipokelewa kwa nyimbo na karamu. Alikuwa mtunzi mkubwa, hakuna aliyebisha. Kuongoza kwaya hakukuwa kipaji chake. Alisema kwa sauti ndogo hata waliokaa nyuma hawakumsikia. Hakukatiza waimbaji walipokosea, au aliwakatiza na kuanza upya bila kueleza kosa liko wapi. Alizama katika mawazo. Leo tunajua kwamba ugonjwa ulikuwa ukimla taratibu, lakini wanakwaya wale waliona tu kiongozi asiye na habari nao. Wakaanza kuchelewa, kisha kutokuja. Waliokuja walinong'ona.

Clara alikuwa kwenye piano. Alikuja katika mazoezi ya kwaya kama mpiga piano wao, bila mshahara, mtu ambaye miji mikubwa ya Ulaya ilimlipa ili aketi tu mbele ya vibonye. Mume alipopoteza mwendo, yeye aliushika kwa mikono yake. Mume alipokosa kutamka alichotaka, piano ilikisema. Sauti ya tatu walipopotea, alipiga mstari wao kwa nguvu kidogo kuliko mingine mpaka wakarudi. Kila mpiga kinanda wa kwaya anaijua kazi hii, na anajua kwamba ikifanywa vizuri hakuna anayeiona.

Mambo yaliendelea hivyo kwa miaka mitatu. Oktoba 1853 kulikuwa na misa moja kanisani iliyoimbwa vibaya sana chini ya uongozi wa Robert, na baada ya hapo kwaya ilikataa kuimba tena chini yake. Mwezi uliofuata kamati ilimwendea Clara, haikumwendea Robert mwenyewe, ikapendekeza kwamba mumewe aongoze nyimbo alizotunga yeye tu, na mengine yote yaachiwe msaidizi wake. Clara alikasirika mno. Aliona ni njama na dharau, na hakukubali hata mara moja kwamba kwaya ilikuwa na hoja.

Sisi tunadhani kwaya ilikuwa na hoja, na tunadhani pia Clara alikuwa na haki ya kukasirika. Wazee wa kwaya yetu watakumbuka mwaka ambao hatupendi kuutaja, mwalimu wetu mmoja alipoanza kusahau nyimbo na kubadilisha kii katikati ya ibada. Hatukumuuliza kama ni mgonjwa. Tulipunguza kuja, tukaandika barua ya malalamiko na kuisaini wengi. Aliacha kuja, na habari za maradhi yake tulizisikia baadaye, siku ya harambee ya bili ya hospitali. Katika miezi ile ya aibu mpiga kinanda wetu alifungua mlango wa kanisa kila Jumamosi saa nane, akakaa, akasubiri atakayekuja. Jumamosi moja walikuja watu wanne. Aliwafundisha hao wanne. Bila yeye jubilii hii isingekuwepo, na ndiyo sababu tukamchagua Clara badala ya Handel.

Katika vuli ile ile ya 1853, kijana wa miaka 20 kutoka Hamburg alibisha hodi nyumbani kwa akina Schumann. Alikuwa Johannes Brahms. Robert aliusifu muziki wake gazetini, na kijana akawa kama mtu wa nyumbani. Haikupita miezi mitano. Tarehe 27 Februari 1854 Robert alitoka nyumbani kwenye mvua bila kuaga, akajitupa katika mto Rhine. Watu walimwokoa. Yeye mwenyewe aliomba apelekwe mahali pa kutibiwa, na tarehe 4 Machi alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Endenich, karibu na Bonn. Clara alikuwa mjamzito. Felix alizaliwa Juni, baba akiwa hayupo.

Madaktari walimkataza Clara kumwona mumewe wakihofia kumsumbua mgonjwa. Katazo hilo lilidumu miaka miwili na zaidi. Marafiki walijitolea kumwandalia tamasha la kumchangia fedha. Alikataa. Alitaka kuwalisha watoto kwa kazi yake, na Oktoba 1854 alianza tena safari. Watoto waligawanywa: wakubwa shule ya bweni, Julie kwa bibi yao Berlin, wadogo nyumbani na watumishi. Brahms alihamia Düsseldorf kuangalia nyumba, akaandika hata daftari la matumizi ya kila siku. Watu walisema mengi juu ya wawili hao na wanaendelea kusema. Tunachokiona ni kwamba walibaki marafiki miaka 40, na kila mmoja aliishi katika nyumba yake.

Julai 1856 aliporudi kutoka matamasha ya Uingereza, aliitwa Endenich. Tarehe 27 aliruhusiwa kumwona Robert. Mgonjwa hakuweza kusema vizuri, lakini alimtambua, na akajitahidi kumkumbatia kwa mkono ambao hakuutawala tena. Siku mbili baadaye Clara alikwenda kituo cha treni kumpokea rafiki yao, mpiga fidla Joachim, na aliporudi mumewe alikuwa amekata roho. Clara alikuwa na miaka 36, na watoto saba wa kulea.

Alijifunga kibwebwe. Kwa zaidi ya miaka 30 aliishi kwa safari, akiwa amevaa nguo nyeusi. Zimehifadhiwa programu zaidi ya 1,300 za matamasha yake, tangu utotoni hadi uzeeni. Kwa sehemu kubwa alijiandalia kazi mwenyewe: kuandika barua, kukodisha ukumbi, kutafuta piano nzuri, kupanga tiketi na hoteli. Alikuwa kati ya watu wa kwanza waliopiga matamasha bila kutazama nota, jambo ambalo mwanzoni wengine waliliona ni majivuno. Aliachana pia na mtindo wa kupiga vipande vya kuonyesha wepesi wa vidole tu, akawapa watu Bach, Beethoven, Chopin na muziki wa mumewe, ambao wengi walikuwa hawajauzoea. Mkono wake ulimuuma miaka mingi, na katikati ya miaka ya 1870 maumivu yalimlazimisha kusimama kwa muda mrefu.

Utunzi aliuacha karibu kabisa baada ya 1853. Tangu ujana alikuwa na shaka kama mwanamke ana nafasi katika kazi hiyo. Tunasikitika, maana zile nyimbo tatu za Dresden zinaonyesha mtu aliyejua sauti ya binadamu.

Mwaka 1878 chuo kipya cha muziki kilichoitwa Hoch, mjini Frankfurt, kilimwalika kufundisha. Alikuwa na miaka 58 na jina lake lilikuwa kubwa kuliko chuo, kwa hiyo aliweka masharti: kufundishia nyumbani kwake, likizo ndefu, na ruhusa ya kusafiri kwa matamasha. Alikubaliwa yote. Mwanzoni alikuwa mwanamke pekee miongoni mwa walimu. Binti zake Marie na Eugenie walikuwa wasaidizi, wakiwaandaa wanafunzi kabla hawajafika mbele ya mama.

Alifundisha alichofundishwa na baba yake, tena mambo yaliyokuwa mazuri ya baba bila ile shajara. Kibonye kisigongwe, kibonyezwe, kidole kikae karibu nacho, sauti itoke imejaa na kuunganishwa na inayofuata kama mwimbaji anayevuta pumzi moja. Skeli kila siku. Bach kila siku. Mwendo usikimbizwe, na kilichoandikwa na mtunzi kipigwe kilivyoandikwa. Mwanafunzi aliyependa kujionyesha alikuwa na wakati mgumu katika chumba kile. Wanafunzi walitoka Ulaya yote, hasa Uingereza: Fanny Davies, Leonard Borwick, Adelina de Lara, Mathilde Verne. Clara hakuacha kanda wala sahani ya santuri, lakini Davies na de Lara waliishi hadi wakati wa santuri, kwa hiyo kwa kuwasikiliza wao tunaweza kukisia chumba cha Frankfurt kilisikika vipi. Mathilde Verne alifungua shule ya piano London, na mmoja wa watoto waliojifunza hapo ndiye aliyekuja kuwa mama yake Malkia Elizabeth, ambaye alizuru Kenya na mumewe mwaka 1924 kabla hata hawajawaza kiti cha ufalme.

Isidhaniwe kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mkali kwa wanamuziki ambao hakupenda njia yao, na Liszt, aliyemtendea wema mwingi, hakuwahi kurudishiwa wema huo sawasawa. Mwaka 1893 alichoma moto vipande vya fidla kubwa ambavyo Robert alitunga karibu na kuugua, akiona vitamshushia heshima. Hakuna mtu atakayevisikia tena. Na watoto wake walikua wakimjua mama kwa barua zaidi kuliko kwa uso.

Misiba haikumpisha. Julie alikufa 1872 akiwa na watoto wadogo. Ludwig aliugua akili, akalazwa hospitali tangu 1870, akabaki huko. Felix, yule ambaye baba hakumwona, alikufa kwa kifua kikuu 1879 akiwa na miaka 24. Ferdinand alirudi kutoka vitani na maradhi ya viungo, akazoeshwa dawa ya mofini, ikamtawala, akafa 1891. Clara aliwachukua watoto wake na kuwasomesha, bibi wa miaka 70 na zaidi akilipa karo kwa pesa za kufundisha. Siku alipopokea habari za kifo cha Julie, alikuwa na tamasha jioni. Alikwenda akapiga, na wenzake wa jukwaani hawakujua mpaka baadaye.

Alipiga hadharani kwa mara ya mwisho Machi 1891, na mwaka 1892 aliacha kufundisha chuoni. Masikio, yale ambayo utotoni watu walidhani hayasikii, sasa yalikuwa yamemchoka kweli. Alikufa kwa kiharusi Frankfurt tarehe 20 Mei 1896. Miaka mingi baadaye Wajerumani waliweka sura yake kwenye noti yao ya marki 100, upande wa nyuma wakachora piano, na ilitumika mpaka walipohamia yuro.

Alizikwa Bonn kando ya Robert, siku ya Jumapili ya Pentekoste. Brahms, mzee na tayari mgonjwa, alipanda treni isiyo yake, akafika Frankfurt akakuta ibada imekwisha na jeneza limeshaondoka, akaunganisha safari hadi Bonn, akafika kaburini kabla ya kufunikwa udongo.